Gari la Zamani Mlimani Kitonga

Ukitoka Mikumi kwenda Iringa, ndugu msomaji, utalipita bonde la mibuyu lenye joto kali, kisha barabara itaanza kupanda Mlima Kitonga. Hapo ndipo gari la zamani, tuseme Peugeot 504 yenye kabureta, hutoa siri yake. Tambarare lilikwenda vyema. Mlimani unakanyaga mafuta, nalo linasita na kukohoa. Nyuma yako lori la shehena lapiga honi, kando ni korongo, na watoto wamelala kiti cha nyuma.

Usililazimishe. Tafuta mahali papana, weka jiwe nyuma ya gurudumu, ufungue boneti. Injini ikiwa inanguruma, chomoa waya za plagi moja baada ya moja kwa koleo yenye mpini wa mpira. Ile isiyobadili mlio ndiyo ya silinda iliyolala. Plagi yenye masizi meusi makavu yaonyesha petroli imezidi, au cheche ni dhaifu. Likisita tu unapokanyaga, shuku chujio la petroli na jeti za kabureta. Lakini kwanza zitazame pointi za distributa, maana zikiungua huwapeleka wengi kununua kabureta bure.

Likizimika kwa joto na kuwaka likipoa, huenda petroli yageuka mvuke njiani: funika pampu kwa kitambaa kilicholowa maji, usubiri.

Ukiondoka, lile jiwe litoe barabarani. Pikipiki hupita hapo usiku.