Mchaichai Chini ya Minazi ya Pemba

Waarabu wa kale walikiita kisiwa cha Pemba Al-Jazira al-Khadhraa, yaani Kisiwa cha Kijani, na msafiri anayeshuka bandari ya Mkoani haulizi sababu. Barabara ya kwenda Chake Chake hupanda na kushuka vilima vilivyofunikwa mikarafuu, minazi, miembe na mifenesi, mti juu ya mti, hata ukajiuliza jua hupenyea wapi. Kwetu sisi wa Mombasa na Kwale, tuliozoea kaskazi inayochoma, kivuli kile kilikuwa rehema.

Sifa ya Pemba ni karafuu. Kimbunga cha 1872 kilipoing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka huku. Sisi lakini safari yetu ilikuwa ya nyasi. Tulitaka kuuona mchaichai, huo huo tunaouchuma uani na kuutia katika birika la chai, ukiwa zao la kuuzwa.

Huko Wawi, karibu na mji wa Chake Chake, kipo kiwanda ambacho wenyeji hukiita Kiwanda cha Makonyo, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kutoa mafuta katika vikonyo vya karafuu. Mchaichai nao hupitishwa humo. Majani hujazwa katika pipa kubwa la chuma, mvuke ukapitishwa kati yake. Mvuke huo hubeba mafuta, hupozwa ukawa maji, na mafuta yakaelea juu, membamba, ya rangi ya manjano. Kilo 100 za majani mabichi hazitoi hata nusu kilo ya mafuta. Anayenusa kichupa kidogo cha mafuta hayo na akumbuke mzigo uliobebwa kichwani.

Shambani ndiko tulikojifunza zaidi. Mchaichai ni nyasi ya jua. Ukiupanda chini ya mkarafuu uliokomaa, ambao matawi yake hushuka karibu na ardhi, utarefuka kwa kutafuta mwanga, majani yatakuwa malaini, machipukizi machache na mafuta haba. Kivuli kinachoufaa ni kile chepesi kinachotembea, na hicho hutolewa na mnazi. Hata mnazi una umri wake. Ukiwa mchanga huacha nafasi tele. Kuanzia mwaka wa 8 hivi hadi wa 25 makuti hufunga anga. Baadaye shina likishapanda juu, mwanga hurejea chini. Kwa hiyo shamba la minazi mikongwe, ambalo wengi wetu huliona limechoka, ndilo lenye nafasi nzuri.

Hupandwa kwa kugawanya shina, mvua zinapoanza. Baada ya miezi minne hadi sita hukatwa mara ya kwanza, kiasi cha kiganja kutoka ardhini, kisha kila baada ya miezi miwili au mitatu. Mizizi yake hushika udongo wa mteremko, jambo kubwa katika kisiwa cha vilima na mvua nyingi. Miaka minne au mitano ikipita, shina huchoka na hung'olewa.

Hiyo miaka minne ndiyo iliyotushughulisha, kwa sababu inagusa haki. Kwa desturi ya Zanzibar, mti na ardhi iliyo chini yake vyaweza kuwa na wenyewe wawili. Mtu huazimwa mahali akalima muhogo au viazi, lakini hapandi mti, kwani kupanda mti ni kama kudai. Mwanamke aliyerithi mikarafuu mitatu kwa baba yake, au asiyerithi hata mmoja, aweza kuazima ardhi ya jamaa. Basi mchaichai ni nini? Si mti, wala si zao la msimu mmoja. Mama mmoja mtu mzima tuliyemwamkia shikamoo alitujibu marahaba, kisha akatuambia kwamba yeye huomba ruhusa mbele ya mashahidi, na muda hutajwa. Tuliona ni busara, na ni adabu ya dini yetu pia: makubaliano ya muda huandikwa na kushuhudiwa. Karafuu huzaa sana mwaka huu na kukasirika mwaka ujao. Nyasi hukatwa kila baada ya miezi michache, na fedha yake, japo ndogo, huja wakati ada za skuli zinapodaiwa.

Tatizo ni kuni. Mvuke hautoki bure, na kutia mafuta chupani kwa kumaliza miti inayotoa kivuli ni hasara. Mabaki ya majani yaliyokwisha kukenekwa, yakikaushwa, huchangia moto, au hutandazwa shambani kuzuia magugu. Wala si lazima kila kijiji kiwe na pipa lake. Pipa moja huweza kutumikia mashamba mengi, mradi majani yafike kabla hayajaoza.

Kilifi na Kwale minazi mikongwe ipo, na mchaichai umo katika nyua zetu tayari. Anayetaka kuanza aulize kwanza mambo mawili: ni nani atakayenunua majani au mafuta, na ardhi iliyo chini ya minazi hiyo ni ya warithi wangapi.