Mlima na Mwamba

Watu wa bara husemwa kuwa huogopa bahari, na watu wa pwani kuwa huogopa baridi ya milimani. Kila usemi wa namna hii una chembe ya kweli na kibaba cha dhihaka. Mimi nilizaliwa Kingolwira, karibu na mji wa Morogoro, mahali ambapo milima ya Uluguru husimama mbele ya macho kila asubuhi. Maji niliyoyajua utotoni yalikuwa ya aina mbili: ya Mto Ngerengere, ambayo masika hugeuka rangi ya matofali, na ya mabwawa ya kufugia perege. Yote mawili ni mazito. Kwa hiyo nilikua nikidhani kwamba samaki ni kiumbe asiyeonekana mpaka atolewe majini.

Dhana hiyo ilinitoka Chumbe. Kisiwa hicho kiko kusini ya mji wa Unguja, na boti hukiendea kutoka Mbweni. Kina mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, na upande wa magharibi mwamba wa matumbawe ambao tangu mwaka 1994 hauvuliwi. Kiongozi wetu alikuwa mzee wa maneno machache, aliyewahi kuwa mvuvi. Alitugawia miwani ya kuzamia na mirija ya kupumulia, akatufundisha kuelea bila ya kupiga miguu ovyo, akatuonya tusisimame juu ya mwamba.

“Haya si mawe, mwanangu,” aliniambia. “Ni viumbe hai. Ukikanyaga umeua.”

Nilipoinamisha uso majini niliona matumbawe yenye umbo la pembe, mengine mfano wa ubongo, mengine yamepangana kama masinia. Pono walikuwa wakitafuna mwamba, na mlio wa meno yao niliusikia kwa masikio yangu. Wataalamu wanatwambia kuwa tumbawe ni mnyama mdogo sana, na mwilini mwake hukaa mimea midogo zaidi inayomtengenezea chakula kwa nuru ya jua na kumpa rangi. Maji yakizidi joto mimea hiyo humtoka, naye hubaki mweupe kama mfupa; msiba huo uliifikia sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi mwaka 1998. Matope nayo humnyima nuru, na asiye na nuru hana chakula.

Tulipopumzika nilimwuliza mzee kama hakuona uchungu eneo lile kufungwa.

“Mwanzoni niliona,” alijibu. “Lakini samaki hajui mpaka. Wakishajaa hapa hutoka, na wenzangu huwavua nje. Na wewe watoka wapi?”

“Morogoro, mzee wangu, chini ya Uluguru.”

“Mito yenu i safi?”

Nilimwambia kuwa masika huwa myekundu.

“Basi wekundu huo ni shamba la mtu,” alisema, “nalo linakwenda baharini.”

Alisema kweli. Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu, baada ya kulinywesha jiji la Dar es Salaam, humwagika baharini karibu na Bagamoyo. Mkulima wa mteremkoni asiyeuzuia udongo wake hupoteza chakula chake, na huenda akaharibu cha mvuvi asiyemjua.

Serikali ya kikoloni iliuona uharibifu huo, ikawaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi. Wakulima walilalamika kwamba kazi ilikuwa nzito na faida haikuonekana. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, na mpango ukafa. Kutaka kuuhifadhi udongo hakukuwa kosa; kosa lilikuwa kumfanya mwenye udongo mtumwa wa hifadhi. Chumbe wavuvi walifanywa walinzi na viongozi, na kwa hiyo ulinzi ukadumu.

Hata hivyo si haki kuishia hapo. Mwamba wa Chumbe hulipiwa na wageni wanaokuja kuutazama. Ni nani atakayemlipa Mluguru kwa udongo asioupoteza, hali hakuna mgeni apandaye mlima kutazama tuta? Jibu, kwa maoni yangu, liko mtoni. Katika miaka ya 2000 lilianzwa jaribio huko Kibungo, katika Uluguru, ambamo wakulima walilipwa kwa ajili ya kulinda maji ya Ruvu. Ngazi zile zilizokataliwa kwa amri zilichimbwa kwa hiari.

Watani zetu Wazaramo hupenda kutucheka kwamba hatujui kuogelea. Na wacheke, ni haki yao. Lakini maji wanayokunywa wakicheka hutoka kwetu, na deni la mnywaji kwa mwenye chemchemi halifutwi kwa utani. Mlima ukilipwa haki yake, mto utakuwa safi. Na mto ukiwa safi, mwamba utapata nuru yake.