Mama wa sinema na mtoto asiyesema

Wamama wapendwa, juma hili naomba niwaelezee habari za mwanamke mmoja wa Marekani, mchezaji wa sinema aliyekufa kabla sijazaliwa. Jina lake Dorothy Dandridge. Habari zake zilinifanya nilie jikoni mpaka sombe ikaungua juu ya mbabula.

Binti yangu mkubwa ndiye aliyenionyesha kwenye simu yake sinema ya mwaka 1999, ambamo Halle Berry anacheza maisha ya mama huyo.

Dorothy alizaliwa tarehe 9 Novemba 1922, katika mji wa Cleveland. Wazazi wake waliachana kabla hajazaliwa. Mama yake, Ruby, aliwafundisha yeye na dada yake Vivian kuimba na kucheza, nao wakazunguka makanisani wakitafuta riziki wakiwa wangali wadogo.

Mwaka 1942 aliolewa na Harold Nicholas, mcheza dansi mwenye sifa kubwa. Tarehe 2 Septemba 1943 akazaa binti, Harolyn. Uchungu ulipoanza mume hakuwepo, alikuwa ameondoka na gari. Dorothy akamngojea, akachelewa kufika hospitali. Mtoto alizaliwa na ubongo ulioumia, wala hakujifunza kusema. Dorothy alijihukumu kwa kungojea kule maisha yake yote.

Hapo ndipo nilipomwambia binti yangu asimamishe simu.

Wengi wenu mnajua nina watoto wawili. Ninao watatu. Wa mwisho ana miaka tisa na hasemi. Usiku wa kumzaa mvua ilikuwa kubwa, nikamwambia mume wangu, "Tungojee asubuhi." Maneno hayo mawili nimeyarudia kichwani kwa miaka tisa. Kwa wakwe walisema ni laana. Hawakuhitaji kunisema, maana nilikwisha kujisema mwenyewe. Wageni wakija, namweka chumba cha nyuma.

Kesho yake tukaendelea na sinema. Ndoa ya Dorothy ilivunjika mwaka 1951. Aliimba mahotelini ili apate feza ya kumlea mtoto. Siku zile hoteli nyingi za kule zilimlipa mtu mweusi aimbe usiku, lakini hazikumpa chumba cha kulala. Mwaka 1953 alicheza mwalimu wa shule katika Bright Road. Mwaka 1954 ikatoka Carmen Jones, na dunia ikamjua. Mwaka 1955 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kushindania Oscar ya mchezaji mkuu wa kike. Aliyeshinda ni Grace Kelly. Mwanamke mweusi wa kwanza kuipata alikuwa Halle Berry, mwaka 2002, na siku hiyo alilitaja jina la Dorothy mbele ya watu wote.

Baada ya sifa hiyo ungedhani kazi zingemfuata. Lakini wenye sinema hawakuwa na nafasi nyingi kwa mwanamke mweusi. Walimpa nafasi ya mtumwa katika The King and I, akaikataa. Miaka hiyo yote alimlipa mwanamke mmoja amtunze Harolyn. Feza nyingine ilitiwa katika visima vya mafuta ya ardhini, ikapotea. Mwaka 1963 alifilisika, akashindwa kumlipa mtunzaji, na Harolyn akapelekwa katika hospitali ya serikali. Tarehe 8 Septemba 1965 Dorothy alikutwa amekufa nyumbani kwake. Alikuwa na miaka 42. Benki zilibaki dola mbili na senti chache.

Sisemi Dorothy alikosa akili. Alifanya kazi kuliko wengi wetu. Lakini nilipomwona analipa na kulipa, nilijiona mimi. Nami nimelipa dawa za miti, sindano, maombi ya usiku. Kila aliyeniambia atamfanya mtoto aseme, nilimpa. Si kwamba niliamini. Nilitaka kosa langu liishe kama deni.

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya niandike. Mwaka jana, zamu yangu ya likelemba ilipofika, niliwaambia nanunua mashine ya kushona. Mashine hiyo hamjaiona hata leo. Feza yenu nilimpa mtu aliyeniahidi kwamba kabla ya Noeli mtoto angesema. Noeli ikapita. Niliwadanganya, na ninaomba mnisamehe.

Mwezi uliopita nilimpeleka mtoto kwa munganga. Aliniambia kwamba hata kama tungetoka usiku ule wa mvua, pengine ingekuwa vile vile. Hakuna anayeweza kujua. Kisha akanionyesha namna ya kumfundisha kuomba maji kwa mkono. Kwa siku tano tu amekwisha kujua. Miaka tisa sikuwahi kujaribu, kwa sababu nilikuwa nangojea sauti.

Siku ya mkutano wetu nitakuja naye. Msimwulize jina lake, hatajibu. Mwimbieni, atacheka. Kama nawe una mtoto katika chumba cha nyuma, mlete, wakae pamoja.

Na zamu yangu ikirudi, mama mweka hazina aende nami sokoni, aishike mashine kwa mikono yake mwenyewe.

Ni mimi, mama mwenzenu.