Cheza Kwanza Gemu za Wenzako

Dar es Salaam,
10 Julai 2025

Mwanangu Zuhura,

Bibi yako kila siku anauliza chuo kinafunga lini. Ujumbe wako niliupata, na ile gemu ya bao uliyonitumia nimeiweka kwenye simu nikaicheza. Moyo wangu ulijaa furaha. Umeniuliza jambo moja tu: kuna vijana hapo Dodoma wanaotengeneza gemu kwa mapenzi yao, wanakutana Jumamosi, wamekualika, je, uende?

Nenda. Lakini kaa kwanza usome barua hii, maana nimekuwa na watu wa namna hii kwa miaka mingi, jioni baada ya kazi za ofisini, na nimeona nani hudumu nao na nani hupotea.

Watu hawa hawalipani. Hakuna bosi, hakuna mshahara, hakuna wa kumwamrisha mwenzake. Kinachowakutanisha ni kwamba kila mmoja ana gemu ambayo haijakaa sawa, na yeye mwenyewe ameitazama mno hata haioni tena. Anahitaji mtu mwingine aishike. Kwa hiyo kitu chenye thamani kuliko vyote katika kikundi kama hicho ni muda wa mtu anayekubali kukaa chini acheze gemu mbovu ya mwenzake mpaka mwisho, kisha aseme kweli. Anayekuja na gemu yake, akaionyesha, akapigiwa makofi, akaondoka bila kugusa ya mtu mwingine, hatakemewa. Ataachwa tu. Wiki ya tatu au ya nne ataona hakuna anayemuuliza amefika wapi, na ataondoka akisema watu wale wana maringo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe la huko ni kucheza kazi za wenzako.

Hata mashindano yao makubwa yamejengwa hivyo. Ludum Dare ilianza Aprili 2002 na imewalea wengi. Ukiingia ile sehemu yake ngumu unapewa mada, unapewa saa 48, unafanya kazi peke yako, na kila kitu unakitengeneza mwenyewe: msimbo, picha, sauti. Ukimaliza unatoa na msimbo wenyewe ili wengine wausome. Fedha hazitolewi. Waamuzi ni washiriki wenyewe, na gemu isiyopata kura 20 haipewi nafasi kwenye matokeo. Anayekaa akacheza na kupima gemu za wengine ndiye ambaye gemu yake husogezwa mbele ya watu. Utaratibu huo naupenda kwa moyo wote. Unamfundisha kijana wa miaka kumi na tisa adabu ambayo wakubwa wengi maofisini hawana.

Sasa namna ya kusema. Usimwambie mtu "iko poa" ukaishia hapo. Anayesikia "iko poa" hana cha kufanya akirudi nyumbani. Mwambie kilichokutokea wewe: nilifika kwenye mlango wa pili nikadhani ni ukuta, nilikufa mara tatu mahali pamoja na sikujua ni nini kinaniua, nilisoma maelezo ya mwanzo nikayasahau kabla sijaanza kucheza. Hayo hakuna atakayeyabisha, kwa sababu ni yako, yamekupata. Dawa mwachie mwenyewe. Wengi huharibu hapo. Mtu akicheza dakika mbili anaanza kumpangia mwenzake gemu nyingine kabisa, ile ambayo angependa kuitengeneza yeye. Na ukiona kitu kizuri, kitaje kwa jina lake: ile sauti ya kufungua sanduku, ule mwendo wa paka. Mtu akijua hasa kilichopendeza, hatakifuta kwa bahati mbaya.

Na yako ikichezwa, nyamaza. Hili ni gumu kuliko yote. Nikueleze kilichotokea hapa, maana kinakuhusu. Juzi jioni nilimpa simu mzee jirani yetu, yule aliyecheza bao barazani tangu ujana wake, nikamwambia acheze gemu ya Zuhura. Sikumweleza kitu. Nilikaa pembeni nikatazama kidole chake. Alianza vizuri, akanamua, akala kete za mbele yake bila taabu. Akatabasamu alipoona nyumba umeichora ya mraba, na kete sita ndani yake kama inavyotakiwa. Kisha akala tena, na safari hii mkono wa kusambaza kete ukawa mrefu. Kete zote zikaruka kwa mpigo mmoja, mashimo yakabadilika namba, na zamu ikahamia kwa kompyuta. Mzee akanyanyua uso, akaniuliza, "Zimekwenda wapi?" Akabonyeza skrini mara kadhaa, taratibu, huku akihesabu kwa midomo. Baada ya hapo hakula tena upande wa kushoto. Akawa anachagua michezo mifupi tu, ile ambayo macho yake yaliweza kuifuata.

Hesabu yako haina kosa, Zuhura. Nimeipitia: mashimo 32, kete 64, 22 mkononi kwa kila mchezaji mwanzoni, na mkono unalala pale kete ya mwisho inapoangukia shimo tupu. Kila sheria iko mahali pake. Ila mchezaji wa bao husoma mkono. Huziona kete zikidondoka mojamoja, huzisikia, na kabla ile ya mwisho haijaanguka ameshajua italala wapi. Gemu yako imemnyima hilo. Ungekuwapo karibu ungemweleza, "Babu, zimezunguka hivi na hivi," naye angeitikia kwa adabu, na wewe usingejua kamwe kwamba pana tatizo. Kwa hiyo Jumamosi mpe mtu simu yako, weka mikono mapajani, na umtazame. Akiuliza, mwambie ajaribu tu. Andika pale kidole kinaposita.

Watakapokualika kutengeneza kitu kwa wikiendi moja, kubali, na uchague kitu kidogo kuliko unavyodhani kinakutosha. Kila Januari kuna Global Game Jam, iliyoanza 2009, ambapo watu hukutana kwenye kumbi za miji mbalimbali duniani, huungana na wasiowajua, na kufikia Jumapili jioni gemu lazima iwe inachezeka. Wanaoshindwa mara nyingi ni wale waliotaka ulimwengu mzima wenye vijiji na falme. Kuna gemu ya Kanada iitwayo Celeste, ya binti anayepanda mlima. Ilianza 2015 kama kazi ya siku nne ya Maddy Thorson na Noel Berry, kwenye PICO-8, programu yenye kioo cha pikseli 128 kwa 128 na rangi 16 basi. Gemu kamili ilitoka Januari 2018, ikasifiwa kila mahali, na ile ndogo ya mwanzo wameificha ndani yake ili anayeitafuta aikute. Jambo ninalolipenda mle ni dogo mno. Ukichelewa kubonyeza, mguu ukiwa umeshaacha ukingo, kwa sehemu ndogo ya sekunde gemu bado inakuruhusu kuruka. Mchezaji hajui kwamba amesamehewa, anahisi tu kuwa ameweza. Jambo kama hilo hulipati ukiwa umekaa peke yako chumbani. Unalipata kwa kutazama watu wakianguka. Arvi Teikari wa Finland naye aliitengeneza Baba Is You katika wikiendi moja ya mwaka 2017, kwenye Nordic Game Jam, akaikuza hadi ikatoka 2019. Wote hao walimaliza kwanza kitu kidogo, wakakitoa kikiwa kidogo, wakaona watu wanakifanyia nini.

Na usidhani haya ni ya Wazungu tu. Mwaka 2007, jirani zetu hapo Kenya, Wesley Kirinya alitoa gemu ya The Adventures of Nyangi wakati hakukuwa na njia iliyofunguliwa na mtu mbele yake. Baadaye akaungana na Eyram Tawia wa Ghana, na mwaka 2009 wakaanzisha Leti Arts, yenye mguu mmoja Nairobi na mwingine Accra, wakachora mashujaa kutoka hadithi za Kiafrika. Nairobi na Accra haziko jirani. Waliounganishwa na kazi hawakuhitaji ujirani.

Kuhusu vifaa sina maneno mengi. Endelea na Godot. Ni programu huria iliyotoka Argentina, msimbo wake ukawekwa wazi 2014, haikudai senti leo wala kesho, na faili lake halitakumalizia bando. Septemba 2023 kampuni ya Unity ilitangaza kuwatoza watengenezaji kwa kila mara gemu inapowekwa kwenye kifaa. Kelele zikawa kubwa, na mwaka uliofuata ada hiyo ikafutwa kabisa. Wengi walihama wakati ule. Ukikuta wenzako wanatumia Unity usibishane nao, jifunze wanachojua. Ila kila jioni weka nakala ya kazi yako mahali pengine nje ya hiyo laptopu. Umeme wa hapo unaujua.

Mali ya watu, mwanangu, isimamie kama unavyosimamia swala. Wimbo wa bongo fleva unaoupenda hauingii kwenye gemu yako bila ruhusa ya mwenye wimbo, hata kama gemu ni ya bure, hata kama wenzako wote wanafanya hivyo. Wapo watu wanaotoa picha na sauti zao kwa hiari. Kenney wa Uholanzi ametoa maelfu ya picha za gemu ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, bila hata kumtaja. Wewe mtaje. Na yule kijana wa kikundini atakayekuchorea kete zako, jina lake liwe kwenye skrini ya mwisho kwa herufi za ukubwa uleule wa jina lako.

Sasa la kike. Huenda ukakuta uko msichana peke yako, au mko wawili. Wengi watakupokea vizuri. Lakini atatokea mmoja atakayekupa kazi ya kupaka rangi na kupanga viti wakati wewe umeandika bao zima kwa mkono wako. Usigombane wala usinyamaze. Mwambie, "Mimi naandika msimbo, nipeni sehemu ya msimbo," na uiandike. Kama mkutano unaelekea usiku, mjulishe mama yako uko wapi na utarudi na nani. Na kama kuna mtu mmoja anayekufanya usijisikie salama, hama kikundi, hakuna gemu yenye thamani hiyo.

Ikitokea mmeungana na gemu ikaanza kupendwa, kaeni siku hiyohiyo muandike kwenye karatasi moja: nani amefanya nini, nani mwenye mali, fedha zikija zinagawanywa vipi. Fanyeni hivyo wakati hakuna fedha yoyote, maana wakati huo wote mnapendana. Nimeona marafiki wa shule wakiachana kwa sababu ya karatasi hiyo ambayo hawakuiandika, kwa kiasi cha fedha ambacho hakikutosha hata kodi ya mwezi.

Masomo yako hayahitaji mahubiri yangu, unajua ada inatoka wapi. Nitasema hili tu: usiruhusu mtu akuambie kwamba kama gemu haikuingizii hela ni utoto. Mimi nimeandika programu za mishahara karibu maisha yangu yote ya kazi, na ninazithamini, watu wamelipwa kwa wakati kwa sababu yake. Lakini hakuna aliyewahi kuinua uso kutoka kwenye programu ya mishahara akiwa anacheka. Kazi ya kumfurahisha mtu kwa dakika tano bila kumdhuru ni kazi halali, na anayeifanya kwa uangalifu anastahili heshima, awe analipwa au halipwi.

Rekebisha kete zidondoke mojamoja, kisha nitumie tena. Mzee wetu anaulizia. Na ukitoka huko Jumamosi, usianze kuniandikia walisemaje kuhusu bao lako. Niandikie kwanza ulicheza gemu ya nani, na ulimwambia nini.

Wasalaam,
Shangazi yako,
Mwanaidi