Jaketi au Bawa?

Katika likizo ya Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani Mafia, na huko nikapewa jambo la kuamua ambalo sikufundishwa darasani, ijapokuwa hesabu yake imo katika kitabu chetu cha Fizikia.

Mjomba wangu ni mwalimu wa kuzamia. Kazi yake ni kuwashusha wageni chini ya bahari katika Ghuba ya Chole, ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Nilipompa shikamoo aliitika, kisha akanionyesha vyombo viwili vilivyotundikwa ukutani. "Mjomba," akaniambia, "ukimaliza mtihani wa kidato cha nne utakuja kunisaidia. Chagua kimoja kiwe chako. Cha pili nitakiuza, tumnunulie dada yako sare na godoro la bweni."

Labda msomaji atauliza ni vyombo gani hivyo. Mzamiaji hubeba mtungi wa hewa mgongoni na risasi kiunoni ili apate kuzama. Lakini akizama bila kipimo atatua juu ya matumbawe na kuyavunja. Basi huvaa mfuko wa hewa. Akibonyeza kitufe, hewa hutoka mtungini ikaingia mfukoni, naye huwa mwepesi. Akiifungulia itoke, huwa mzito. Akipatia, haendi juu wala chini, hukaa pale pale kama samaki aliyelala. Chombo cha kwanza kilikuwa jaketi, ambalo mfuko wake huzunguka mbavu na mabega. Cha pili mjomba hukiita bawa: mfuko uko mgongoni tu, umeshikwa na bamba la chuma na mikanda.

Nilianza na jaketi, kwa kuwa lina mifuko mingi na linapendeza. Juu ya maji lilinisimamisha wima, kifua nje, nikajiona bwana mkubwa. Lakini lilishonwa kwa mtu mnene, nami, kama wenzangu wa bwenini wajuavyo, ni mwembamba. Siku ya tatu, katika mita 12, nilimwona kasa, nikamfuata akipanda, nikasahau kutoa hewa. Hapo ndipo Fizikia iliponikumbuka. Katika kina cha mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, kwa hiyo lita 1 ya hewa ikifika juu huwa lita 2. Kadiri nilivyopanda mfuko ulivimba, na kadiri ulivyovimba nilizidi kupanda. Nilitafuta bomba la kutolea hewa nisilipate, maana jaketi lilikuwa limepanda hata masikioni. Mjomba akanidaka mguu. Namshukuru Mungu kwamba sikubana pumzi, kwani mapafu nayo ni mfuko. Kosa lilikuwa langu, silisingizii jaketi. Lakini nguo isiyomkaa mtu humwongezea makosa.

Kesho yake nilivaa bawa. Mikanda yake hukazwa kwa mwili wowote. Bamba lina uzito wa zaidi ya kilo 2, hivyo tukapunguza risasi kiunoni. Chini ya maji nililala kifudifudi, sawasawa kama jamvi, nikapita juu ya matumbawe bila kuyagusa. Nilifurahi mno. Lakini tulipoibuka, upepo wa kaskazi ulikuwa umechafua bahari, na mashua ilikuwa mbali. Nililijaza bawa mpaka likakaza, nalo likanisukuma uso majini. Nikanywa chumvi ya kutosha kuunga mchuzi. Mjomba alicheka, kisha akanifundisha: toa nusu ya hewa, egama nyuma kama uliyekaa kitini.

Yeye mwenyewe alitaka nichukue jaketi. Alisema anayejifunza hupatwa na shida zaidi juu ya maji kuliko chini, na huko jaketi ni rafiki. Neno lake ni la kweli, tena ana miaka mingi baharini. Nikafikiri siku mbili. Nikaona kwamba kuegama naweza kujifunza, lakini kunenepa siwezi kujifunza. Tena mkanda wa bawa ukikatika, fundi wa mikoba ataushona. Mshono wa mfuko wa jaketi ukiachia, hakuna wa kuuziba pale kwetu. Nikamwambia, "Mjomba, nisamehe, nachukua bawa."

Alinyamaza kidogo. Akasema, "Basi kila siku utaegama mpaka nichoke kukutazama." Na kweli, asubuhi zote zilizobaki nilielea mbele ya ngalawa za wavuvi nikiegama, na watoto wakinihesabia dakika kutoka ufukoni.

Jaketi lilinunuliwa na kijana mmoja mnene aendaye Unguja. Dada yangu alianza kidato cha kwanza mwezi Januari akiwa na godoro jipya. Bawa langu nililiosha kwa maji baridi nje na ndani, nikalitundika kivulini, na mama amekwisha kuniandikia kwamba kuku hutaga chini yake.