Mbwa Akisikia Hodi

Kwetu Tanga mbwa akimbwekea mgeni husifiwa: anafanya kazi yake, tena uani. Huku Uingereza mbwa analala sebuleni, na sheria inamfuata humo humo. Tangu 2014, katika England na Wales, unaweza kushtakiwa mbwa wako akimshambulia mgeni hata ndani ya nyumba yako. Kwa hiyo Simba alipoanza kuurukia mlango kila kengele ikilia, halikuwa jambo la aibu tu. Wifi yangu, aliyekuwa akija kila Jumapili, akahamia kwenye simu. "Wifi, nakupenda, lakini huyo mnyama wako hanitaki."

Kwanza tulimpeleka kwa daktari wa mifugo, maana maumivu nayo humfanya mbwa kuwa mkali. Alikuwa mzima.

Mume wangu alitaka kumchapa. Nilikataa. Mkia ulikuwa katikati ya miguu, masikio yamelala: huyo ni mwoga. Ukimchapa mgeni anapofika, atajifunza kwamba wageni huleta kipigo. Akinguruma pia usimkaripie; mbwa aliyekatazwa kunguruma huweza kuuma bila onyo.

Tulianza na kengele bila mgeni. Mwanangu anatoka, anabonyeza, nami narusha kipande cha kuku kwenye tandiko la Simba, mbali na mlango. Mara tano sita, basi, kesho tena. Wiki ya tatu, kengele ikilia alikimbilia tandiko. Ndipo mwanangu akaanza kupiga hodi kwa sauti nzito ya kizee. Kisha jirani akasimama nyuma ya kigeti, Simba akiwa kwenye kamba. Akikataa kuku, ujue mgeni yuko karibu mno, tunarudi nyuma.

Wageni ndio wagumu kufundishika! Watu wetu wakimwona mbwa hupiga kelele, hukimbia au humkodolea macho, na yote matatu humtisha. Nimewaandikia kwenye kundi la familia: ingia polepole, usimtazame, usimnyooshee mkono. Kigeti hakiondolewi, kwani wifi anaswali na hataki mate ya mbwa kwenye nguo zake. Ni haki yake. Watoto wadogo nao hawaachwi na Simba peke yao, hata dakika moja.

Wifi sasa anakunywa chai mpaka birika linakauka. Aliyetushinda ni mtu wa posta. Kila siku anakuja, anabwekewa, anaondoka, na Simba anaamini kabisa kwamba yeye ndiye aliyemfukuza.