Jiwe la Lac Noir

Siku ya nne tangu Mutwanga, karibu na kambi ya Kiondo, juu ya mita 4000 katika Ruwenzori, tuliacha njia. Nilitaka tuzunguke Lac Noir, tupitie Lac Vert, turudi upande mwingine. Papa mwenye kutubebea mizigo alikataa. Nikashupaa: redio inataka sauti!

Matope magotini, kisha ukungu ukafunga kila kitu. Jiwe likateleza chini ya mguu wangu. Kimya. Halafu, mbali sana chini, nikasikia maji.

“Keti, mwanangu.” Papa alinishika koti.

Tuliketi saa mbili nzima tukitetemeka. Ukungu ulipofunguka, ziwa lilikuwa pale chini, jeusi, hatua tatu mbele yangu hakuna ardhi. Tukafuata nyayo zetu kurudi.

Lac Vert sijaiona. Sauti ya jiwe ninayo, studioni sijaipeleka.